Kujitolea Kufundisha Vijana Kompyuta Nairobi: Mwongozo Kamili, Kuanzia Kibali Hadi Kukabidhi Funguo

Darasa la kompyuta la kujitolea huwa halifi kwa kukosa kompyuta. Hufa pale aliyelianzisha anapopanda ndege, na wiki mbili baadaye chumba kimefungwa kwa sababu hakuna anayejua nenosiri la mashine ya mwalimu, wala aliyeachiwa pesa za tokeni za stima (umeme wa kulipia kabla). Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuja Nairobi, awe anatoka Mwanza, Bukavu, Kampala au ughaibuni, kufundisha vijana wa miaka 13 hadi 18. Kila hatua humu imepimwa kwa swali moja: nani atalishika darasa hili ukishaondoka?

Mwenyeji kwanza, tiketi baadaye

Usianzishe kituo kipya. Nairobi imejaa shule, makanisa, misikiti, maktaba na vikundi vya vijana ambavyo tayari vina chumba, mlinzi na wazazi wanaoviamini. Katika mitaa kama Kibera, Mathare, Korogocho, Mukuru kwa Njenga na Kawangware, watoto wengi husoma katika shule za APBET, yaani shule ndogo za kijamii zinazoziba pengo la shule za serikali. Hapo mara nyingi utakuta mwalimu mwenye hamu na chumba kisicho na mashine hata moja.

Zungumza na wenyeji watatu kwa simu ya video kabla hujaamua, na uulize bila haya. Nani atakuwa mwalimu mwenzangu, na mwaka ujao atakuwepo? Chumba ni cha nani? Stima hulipiwa kwa tokeni au imo ndani ya kodi? Kompyuta zikiibwa, nani atawajibika? Wanafunzi watachaguliwaje? Mwenyeji anayejibu swali la kwanza kwa kusema "tutatafuta mtu ukishafika" bado hajawa tayari. Mwambie hivyo kwa heshima, mpange tarehe nyingine.

Mwalimu mwenza ana uzito kuliko mashine zote. Anaweza kuwa mwalimu wa shule hiyo, lakini mara nyingi kijana anayefanya kazi kwenye saiba (duka la intaneti na uchapaji) ya mtaani hufaa zaidi: anapiga chapa haraka, anajua printa inapogoma hufanywaje, na wanafunzi wanamfahamu. Mlipe kwa saa zake. Wewe umejitolea kwa hiari yako. Yeye ana kodi ya nyumba kila mwisho wa mwezi, na darasa linalotegemea kazi yake ya bure litamkosa siku atakapopata kibarua.

Ukipitia kampuni ya nje inayouza safari za kujitolea, uliza ni kiasi gani cha ada yako kinachomfikia mwenyeji, na uombe jibu kwa maandishi. Wakikwepa, endelea kutafuta.

Karatasi

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Sheria ya uraia na uhamiaji ya Kenya ya mwaka 2011 huhesabu kazi kuwa kazi hata kama hulipwi. Tangu Januari 2024 Kenya iliondoa viza na kuweka eTA, idhini inayoombwa mtandaoni kabla ya safari, na raia wa nchi nyingi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hawaihitaji. Lakini eTA, au msamaha wake, hukuruhusu kuingia tu. Kufundisha ni jambo lingine: mwenyeji aliyesajiliwa ndiye anayekuombea pasi maalumu kwa kazi ya muda mfupi, au kibali cha daraja la I ambacho hutolewa kwa shughuli za kidini na za hisani. Anza miezi mitatu kabla. Asiye na usajili hawezi kukuombea, na hiyo pia ni ishara ya kuizingatia.

Beba cheti cha tabia njema kutoka polisi wa nchi unayoishi. Aliye Kenya hukiomba kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha huchukuliwa alama za vidole na DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Kipeleke kwa mwenyeji hata kama hajakiuliza. Ukitoka nchi yenye homa ya manjano, kadi ya chanjo itatakiwa mpakani. Na beba sweta: Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Julai asubuhi vidole hukakamaa kwenye kibodi.

Muda na saa

Wiki mbili hazitoshi. Mwanafunzi hutumia wiki mbili za kwanza kuizoesha mikono tu, na ukiondoka hapo umemwachia hamu bila ujuzi. Kiwango cha chini ni wiki 12, vipindi viwili kwa wiki vya dakika 90 kila kimoja, yaani saa 36. Urefu huo unakaa ndani ya muhula wa kwanza au wa pili wa shule, si wa tatu ulio mfupi: wa kwanza huanza Januari, wa pili kuelekea Mei, wa tatu kuelekea mwisho wa Agosti.

Mwenye mwezi mmoja pekee aje likizo ya Agosti na afundishe siku tano kwa wiki, saa mbili na nusu kila siku; wiki tatu zitampa saa 37 na nusu. Asichague Desemba. Familia nyingi huenda ushago, yaani kijijini, Krismasi ikikaribia na darasa hubaki na viti.

Kabla ya kutangaza siku, waulize wazazi. Jumamosi huwaacha nje watoto wa Kiadventista, na wikendi asubuhi baadhi ya watoto wa Kiislamu wako madrasa. Siku za kazi, saa tisa na nusu hadi saa kumi na moja jioni ndiyo nafasi inayofaa wengi. Jua Nairobi huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na mtoto anahitaji mwanga wa kutembea hadi nyumbani, kwa hiyo usivuke saa kumi na moja na nusu hata somo likinoga.

Wasichana wakipungua kutoka kumi na wawili hadi watano kufikia wiki ya tatu, usikimbilie kusema hawapendi kompyuta. Angalia saa. Huo ndio wakati wa kuchota maji, kumchukua mdogo shuleni na kuinjika chakula. Zungumza na mama wa kila msichana, umwite kwa jina la mtoto wake kama ilivyo desturi, Mama Achieng au Mama Brian, na mtafute siku moja kati ya mbili ambayo anaweza kumwachilia. Tenga nusu ya nafasi kwa wasichana tangu siku ya usajili, na wawe na kipindi chao cha peke yao angalau mara mbili mwanzoni, kwa sababu wavulana huwahi kushika kipanya.

Chumba na stima

Kwa mashine 12 chumba cha mita 6 kwa 5 kinatosha. Panga meza kufuata kuta tatu, skrini zikitazama katikati, ili mwalimu aone kila skrini akigeuka mara moja tu. Mpango wa madawati yanayotazama mbele huficha anayehangaika na anayetazama video.

Kagua paa siku ya mvua, au mwagilia maji ukiwa na fundi. Masika ni Machi hadi Mei na vuli ni Oktoba hadi Desemba. Chini ya mabati mvua ikianza hakuna anayesikia neno. Andaa kadi za kazi zilizoandikwa, moja kwa kila meza, ili kipindi kiendelee bila sauti yako. Dirisha liwe na grili, na mlango uwe na kufuli mbili zinazoshikwa na watu wawili tofauti. Funguo zote zikiwa kwa mtu mmoja, siku anapougua darasa halipo.

Umeme wa Kenya ni volti 240, na plagi ni ya miguu mitatu bapa kama ya Uingereza. (Ukitoka Tanzania utasema umeme na wataelewa, lakini wao husema stima.) Chaja nyingi za laptopu za ofisi hula wati zisizozidi 65. Chaja 12 ni wati 780, kama ampia 3.3, mzigo ambao soketi moja ya ampia 13 inaubeba kihesabu. Tatizo ni ekstensheni za bei ya chini zenye waya mwembamba: hupata moto, plastiki hulainika, na soketi huanza kunuka. Gawa mzigo kwenye soketi mbili za ukutani na kamwe usichomeke ekstensheni juu ya ekstensheni. Mwite fundi wa stima apime waya wa ardhini. Ukigusa laptopu ya chuma ikakutekenya vidole, huenda waya huo haufanyi kazi.

Gharama yenyewe si ya kutisha. Laptopu ikifanya kazi kwa wastani wa wati 40, mashine 12 kwa saa moja na nusu hula pungufu ya yuniti moja. Kinachoua kipindi ni tokeni kuisha katikati, au stima kupotea mtaa mzima. Katika mitaa ambako nyaya zimeunganishwa kiholela, volti hushuka na kupanda siku nzima. Kompyuta ya mezani hujizima, ilhali laptopu yenye betri ya saa mbili humaliza kipindi bila mwanafunzi kujua. Hii ndiyo sababu kubwa ya kuchagua laptopu. Ukipewa msaada wa kompyuta za mezani, hesabu bei ya UPS (kifaa chenye betri ya akiba) kwa kila moja kabla hujashukuru.

Mashine

Usijaze laptopu kumi kuukuu kwenye sanduku la safari. Forodha kwenye uwanja wa ndege wa JKIA wataziona kama bidhaa, na utaanza ziara yako kwa kubishana juu ya kodi. Changisha pesa, ununue mjini. Maduka ya Moi Avenue na Kimathi Street huuza laptopu zilizotumika, ambazo wauzaji huziita ex-UK, na Luthuli Avenue utapata nyaya, ekstensheni na vipanya. Tafuta laptopu ya ofisi yenye RAM ya GB 8 na SSD (diski isiyozunguka) ya GB 256. Nunua 12: kumi za wanafunzi, moja ya mwalimu, moja ya akiba.

Kabla hujalipa, fanya haya kwa kila moja, hata muuzaji akinuna. Iwashe bila chaja na uiache dakika 20. Betri ikishuka zaidi ya asilimia 20 ni dhaifu. Fungua ukurasa mtupu, ubonyeze kila kitufe. Fungua na kufunga kioo mara tano ukisikiliza bawaba. Unganisha Wi-Fi ya simu yako. Kisha izime, iwashe tena na uingie kwenye BIOS, mipangilio ya ndani ya mashine: F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa Lenovo ThinkPad. Ikidai nenosiri, iache. Mashine hizo zilitoka kwenye kampuni zilizozifunga, na fundi wa mtaani hatazifungua kwa urahisi.

Mashine yenye diski ya zamani inayozunguka haifai kutupwa. Ibadilishie SSD ya GB 240. Hakuna matengenezo mengine yanayoleta tofauti kubwa kiasi hicho kwa bei hiyo.

Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hukataa rasmi mashine nyingi zenye prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha nane. Kwa hiyo weka Linux Mint ya Xfce kwenye mashine kumi. Inaenda vizuri hata na RAM ya GB 4, haina leseni ya kununua, na virusi vya flashi za saiba haviidhuru. Lakini acha mbili ziwe na Windows 11. Kijana atakapoingia ofisini au saiba atakuta Windows na Word, na si haki akutane navyo siku ya usaili.

Sakinisha mashine moja kikamilifu, kisha unakili diski yake kwenye nyingine kwa Clonezilla, badala ya kurudia kazi ileile mara kumi. Kila mashine iwe na akaunti mbili: "mwalimu" yenye ruhusa zote, na "mwanafunzi" isiyoweza kusakinisha wala kufuta programu.

Baadhi ya hitilafu utazikuta tu. Mashine inayodai kila tovuti si salama mara nyingi imepoteza tarehe: betri ndogo ya CR2032 ndani imekufa, saa imerudi miaka nyuma, na vyeti vya usalama vya tovuti havilingani na kalenda. Badilisha betri, weka tarehe, kwisha. Mashine isiyowaka huku ikilia mlio wa kukatika-katika, toa RAM, sugua meno yake ya dhahabu kwa raba ya penseli, irudishe. Flashi ambayo mafaili yote yamegeuka njia za mkato ina kirusi kilichoyaficha: ifungue kwenye Linux, nakili mafaili halisi, kisha uifomati. Na padi ya kugusa ikianza kuinuka, betri imevimba. Zima mashine, usiitoboe betri wala kuitupa kwenye taka. Ipeleke kwa wanaokusanya taka za elektroniki kama WEEE Centre.

Programu na intaneti

Panga darasa lisilohitaji intaneti, kisha intaneti ikija iwe nyongeza. LibreOffice kwa barua na majedwali. Klavaro au TuxTyping kwa kuchapa. Thonny kwa watakaofika kwenye Python, lugha ya kuandika programu. Scratch, ya kutengeneza michezo kwa kuunganisha vipande vya amri, ilitengenezwa MIT na haina toleo rasmi la Linux, kwa hiyo weka TurboWarp, inayofungua mafaili yaleyale. Kwenye mashine ya mwalimu weka Kolibri, maktaba ya masomo: wanafunzi huiona kupitia ruta kwa kivinjari, bila bando hata kidogo. Kiwix hukupa Wikipedia nje ya mtandao. Ya Kiingereza nzima pamoja na picha ni zaidi ya GB 100. Ya Kiswahili inaingia kwenye flashi ya kawaida.

Ruta ya 4G na bando vinatosha kwa wiki za mwisho. Kwenye zile mbili za Windows, tia alama kwamba mtandao unalipiwa kwa kipimo (metered connection), la sivyo masasisho yatakunywa bando la wiki kabla mwanafunzi wa kwanza hajaketi.

Ndani ya darasa

Pokea wanafunzi 20 kwa mashine kumi, wawili kwa kila moja, na walimu wawili. Zaidi ya hapo, wa nyuma hufundishwa na mwenzake, si wewe.

Wawili kwenye mashine moja wasipopewa kazi tofauti, mwepesi hufanya yote na mwingine hutazama. Wape majina wanayoyajua: dereva na makanga, yaani kondakta. Dereva anashika kibodi na kipanya lakini hafanyi lolote asiloambiwa. Makanga anasoma kadi ya kazi, anaelekeza, anaangalia makosa, na ni marufuku kugusa kipanya. Kila dakika kumi gonga kengele, wabadilishane viti kabisa, si kusogeza kibodi tu. Sheria ya marufuku inamhusu mwalimu pia. Ukimnyang'anya mwanafunzi kipanya ili umwonyeshe, umejifundisha mwenyewe. Weka mikono nyuma, uulize, "Unaona nini kwenye skrini?" na usubiri.

Lugha itachanganyika. Vitabu vya shule vina neno tarakilishi, wao wanasema kompyuta au komp, menyu iko kwa Kiingereza, na mzaha ni wa Sheng. Eleza wazo kwa Kiswahili, taja kitufe kwa jina lililo kwenye skrini. Bandika ukutani maneno 30 ya menyu na maana zake kwa mkono mkubwa. Orodha hiyo itaangaliwa kuliko kitabu chochote.

*Wiki ya 1 na 2: mikono.* Kila kipindi kianze kwa dakika 15 za kuchapa, na iendelee hivyo hadi wiki ya 12. Waonyeshe vinundu vidogo kwenye F na J, vidole vya shahada vikae hapo. Wengi watataka kutazama kibodi. Funika mikono yao kwa kitambaa chepesi. Mwanzoni watachapa polepole kuliko walivyozoea na watalalamika. Waambie ukweli, kwamba wiki ya tatu mwendo utarudi. Maneno 20 kwa dakika kufikia mwisho ni lengo la haki.

*Wiki ya 3 na 4: faili iko wapi?* Hapa kaa, wala usiogope kutumia wiki nzima ya ziada. Kijana wa Nairobi anaijua simu kukuzidi, lakini simu humficha mafaili: picha ziko kwenye galari, wimbo uko kwenye programu ya muziki, na hajawahi kulazimika kujua kitu kimelala wapi. Ndiyo maana kauli utakayoisikia zaidi ni "Mwalimu, imepotea." Haijapotea. Iko kwenye Downloads, au imehifadhiwa kwa jina la Untitled 1 ndani ya folda aliyoifungua mwenzake.

Anza bila mashine. Leta bahasha na sanduku la katoni: karatasi ni faili, bahasha ni folda, sanduku ni diski, na bahasha inaweza kukaa ndani ya bahasha. Kisha kwenye mashine: kila mmoja aunde folda ya jina lake, ndani yake folda tatu, ahifadhi faili moja katika kila moja. Azime mashine. Aiwashe, azitafute. Ahamie mashine ya jirani akiwa na flashi, azipeleke huko. Wafundishe kutaja mafaili kwa mpangilio mmoja, jina, kazi na tarehe, kama achieng_barua_0305. Tofauti ya Save na Save As haieleweki kwa maelezo: waandike sentensi, wahifadhi, waibadilishe, wahifadhi kwa jina jipya, kisha wafungue yote mawili kando kwa kando. Siku hiyo wengi husema "Ahaa."

Weka LibreOffice ijihifadhie kumbukumbu kila dakika mbili badala ya kumi, na wazoeze kubonyeza Ctrl na S kila wanapomaliza aya. Unaweza kuchomoa chaja ya mashine yenye betri mbovu mbele yao, ili waone kilichobaki.

*Wiki ya 5 na 6: barua na wasifu.* Waandike barua halisi ya kuomba nafasi ya kazi au ufadhili. Wahifadhi kama docx kwa sababu huko waendako kuna Word, lakini watume na kuchapisha PDF. Waonyeshe kwa nini: fungua docx ileile kwenye mashine ya Linux na ya Windows, waone mistari inavyoruka na kurasa kuongezeka, kisha waone PDF ikibaki ilivyo.

*Wiki ya 7 na 8: jedwali.* Tumia genge la mboga. Kila mtoto mtaani anajua mama mboga huamkia soko la Marikiti. Safu ya kwanza bidhaa, ya pili bei ya kununua, ya tatu mauzo, ya nne faida: =C2-B2, kisha wavute fomula hadi chini. Kosa la kwanza litakuwa kuandika 200/= kama kwenye daftari la duka. Kompyuta hiyo huiona kama maandishi. Fomula ya kutoa italeta hitilafu, na hiyo ni afadhali. SUM itairuka kimyakimya na jumla itakuwa pungufu bila onyo. Wafundishe kutazama: namba hukaa kulia kwa seli, maandishi kushoto. Kosa la pili ni tarehe. Mashine yenye mpangilio wa Marekani hugeuza 3/5 kuwa tarehe 5 Machi. Weka mpangilio wa Kiingereza cha Uingereza kwenye mashine zote kabla.

Mwishoni waulize swali ambalo daftari lisingelijibu upesi: nyanya zilioza robo, faida imebaki ngapi?

*Wiki ya 9: mtandao na ulaghai.* Akaunti ya Google ni kuanzia miaka 13. Vijana wengi husajili akaunti kwa laini ya mama. Laini ikikaa miezi bila kutumika, kampuni humpa mtu mwingine, na ujumbe wa kurejesha akaunti humfikia mgeni. Washa uthibitisho wa hatua mbili, chapisha zile namba kumi za akiba, ziwekwe nyumbani pamoja na cheti cha kuzaliwa. Wasome pamoja jumbe za utapeli: "Nimekutumia pesa kimakosa, nirudishie," na matangazo ya kazi yanayodai ada ya usajili. Kanuni ni mbili: angalia salio lako la M-PESA, si ujumbe; na PIN ya M-PESA haiandikwi kwenye kompyuta hata siku moja. Wanaomaliza kidato cha nne watajie pia KUCCPS (nafasi za vyuo), HELB (mikopo ya elimu ya juu) na eCitizen, wajizoeze kutoka kwenye akaunti kabla ya kusimama.

*Wiki ya 10 hadi 12: kitu chao.* Mchezo kwenye TurboWarp, bango la kanisa, hesabu za kinyozi wa jirani. Mchezo wa matatu inayokwepa mashimo hutosha kufundisha kurudia, masharti na vihesabio. Siku ya mwisho wazazi waje waone mtoto akieleza mwenyewe.

Kabla ya hapo mpe kila mmoja jaribio la dakika 40, peke yake: unda folda, andika barua, tengeneza jedwali lenye jumla, hifadhi PDF, weka kwenye flashi. Cheti utakachotoa kiorodheshe alichofanya, na kisijifanye cha chuo. Anayetaka cheti kinachotambuliwa mwelekeze kwenye taasisi zilizosajiliwa na TVETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi.

Usalama wa watoto

Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 zinakugusa moja kwa moja. Data za mtoto, picha ikiwemo, zinahitaji ridhaa ya mzazi. Andika barua ya ridhaa kwa Kiswahili chepesi, yenye visanduku viwili tofauti: kuhudhuria, na kupigwa picha. Anayekataa picha asikose nafasi. Kamwe asiwe mtu mzima mmoja na mtoto mmoja chumbani. Mlango ubaki wazi. Usiwasiliane na wanafunzi kwa WhatsApp binafsi, usitoe pesa mkononi, usimpeleke mtoto kwako. Mtoto akikusimulia dhuluma, sikiliza, usiahidi kuificha, mwambie msimamizi siku hiyohiyo. Namba ya bure ya msaada kwa watoto ni 116. Iandike ukutani juu ya ruta, mahali kila jicho hufika.

Kukabidhi

Makabidhiano huanza wiki ya tatu. Chagua wanafunzi wawili wenye subira, si lazima wenye kasi, wawe wasaidizi wa kuwasha mashine na kuhesabu vipanya. Wiki ya 4 mwalimu mwenza afundishe robo ya kipindi, ya 8 nusu, na wiki mbili za mwisho wewe ukae nyuma, uandike maswali, ufunge mdomo.

Andika daftari la chumba, la karatasi: namba za utambulisho za mashine (serial), manenosiri, namba ya mita ya stima, fundi wa kuaminika, jinsi ya kurejesha mashine kwa Clonezilla hatua kwa hatua. Flashi mbili zenye nakala ya mfumo zikae sehemu mbili. Mashine ziingizwe kwenye orodha ya mali ya mwenyeji, kwa saini za watu watatu. Mkubaliane pia tokeni na matengenezo yatalipwaje; kituo kinachochapisha barua na fomu kwa ada ndogo Jumapili alasiri kinaweza kujilipia stima, mradi mapato yaandikwe kwenye jedwali ambalo wanafunzi wenyewe wametengeneza.

Wiki sita baada ya kuondoka, piga simu na uulize mambo matatu. Mashine ngapi zinawaka leo? Nani alifundisha kipindi cha mwisho, na wanafunzi wangapi walikuja? Tokeni zimebaki yuniti ngapi? Majibu yakichelewa, mpigie mwalimu mwenza, si mkurugenzi.